Kidhibiti cha pampu: je, modeli za mtiririko wa data zinaweza kuthibitisha kwamba hakitapoteza sampuli wala kuchelewa?

Pampu_Nyando (Kisumu) ameuliza:

Hamjambo wanajukwaa. Ninatengeneza kidhibiti cha pampu ya fezi tatu kwa ajili ya mashamba ya mpunga upande wa Ahero, na nimefika mahali ambapo kupima mezani hakunitoshi tena. Kazi ya kidhibiti ni kusoma mkondo wa umeme katika kila fezi, kutambua fezi iliyokatika, pampu inayozunguka bila maji au pampu iliyokabwa na takataka, kisha kufungua kontakta (swichi inayoipa mota umeme) ili mota ipone. Mnunuzi ameweka sharti kwamba tangu hitilafu ianze hadi kontakta ifunguke zisipite milisekunde 200. Anataka pia historia ya mkondo ihifadhiwe kwenye kadi ya kumbukumbu.

Mpangilio wenyewe ni huu. Maikrokontrola ni STM32F103 yenye RAM ya kilobaiti 20, inayokwenda kwa megahezi 72. Saa ya ndani huamsha usomaji mara 3200 kwa sekunde, yaani sampuli 64 kwa kila mzunguko mmoja wa umeme wetu wa hezi 50, na sampuli hizo huingia kwenye bafa (sehemu ya kumbukumbu ya kuziweka kwa muda) kwa njia ya DMA bila prosesa kusumbuliwa. Zinapotimia 64, programu hukokotoa thamani ya RMS (kipimo cha ukubwa wa mkondo) ya fezi zote tatu, kazi ambayo haizidi milisekunde 2. Baada ya hapo sehemu ya uamuzi hutumia milisekunde 0.1, na ikiona mkondo mbaya katika madirisha matatu mfululizo (dirisha ni sampuli 64), huachilia rilei. Rilei na kontakta kwa pamoja hazizidi milisekunde 30 kufunguka; hilo nimelipima. Kila rekodi ya RMS ina baiti 8: baiti mbili kwa kila fezi na mbili za namba ya mfuatano. Rekodi zikitimia 64, zinakuwa baiti 512 kamili, na hapo huandikwa kwenye kadi ya SD. Haya yote yamo ndani ya kitanzi kimoja kikuu, na bafa ya sampuli ina nafasi 128.

Mezani hakuna sampuli inayopotea. Shambani, kihesabu cha sampuli zilizopotea hupanda mara kwa mara bila utaratibu ninaoweza kuuona, ilhali nikipiga hesabu ya kazi ya prosesa naona haifiki hata theluthi moja ya uwezo wake. Nimeshauriwa nisome kuhusu modeli za mtiririko wa data zinazotumiwa kubuni na kuthibitisha mifumo ya aina hii, ambamo programu na mtambo halisi hutegemeana. Ninaomba kujua kama zinafaa kazi ndogo kama yangu, nianzie wapi, na modeli ikisema mfumo ni salama niiamini kwa kiasi gani. Au je, niongeze tu ukubwa wa bafa niachane na nadharia?

Mwalimu wa Saketi (Kakamega) amejibu:

Ndugu Pampu_Nyando, mfumo wako ni mdogo, lakini ndio hasa unaofaa kuelezwa kwa modeli hizi, kwa sababu kila sehemu yake inakula na kutoa idadi isiyobadilika. Nitaeleza msingi kwa ufupi, kisha tukae kwenye namba zako, maana ndimo jibu lilimo.

Wazo lenyewe ni la zamani. Karp na Miller walichapisha grafu za ukokotoaji mwaka 1966. Mwaka 1974 Gilles Kahn alionyesha kwamba michakato inayowasiliana kwa foleni peke yake, na ambayo husubiri pale foleni inapokuwa tupu, hutoa matokeo yaleyale bila kujali ni mchakato upi uliokimbia na upi uliochelewa. Kisha mwaka 1987 Edward Lee na David Messerschmitt wa Berkeley wakaweka sharti moja zaidi: kila kitendaji, yaani sehemu moja ya kazi, kikifyatuka (kikifanya kazi yake mara moja), kitumie idadi maalumu ya tokeni, yaani vipande vya data, na kutoa idadi maalumu. Sharti hilo linabana, lakini faida yake ni kubwa, kwa sababu linakuwezesha kujibu maswali ya bafa na mkwamo kabla programu haijaendeshwa hata mara moja. Kitendaji cha aina hii ni kama mashine ya posho isiyoanza kusaga mpaka debe lijae.

Chora vitendaji vinne. Msomaji hutoa tokeni 1 kila mikrosekunde 312.5. Mkokotoaji hula 64 na kutoa rekodi 1 kwa kila anayemfuata. Mwamuzi hula rekodi 1. Mwandishi hula rekodi 64. Sasa tafuta kila kimoja kifyatuke mara ngapi ili foleni zote zirudi zilivyokuwa mwanzo: Mwandishi mara 1, Mkokotoaji na Mwamuzi mara 64 kila mmoja, Msomaji mara 4096. Kwa kuwa jibu limepatikana, grafu yako ina uwiano, na duru moja kamili inachukua sekunde 1.28. Kama ungekuwa umekosea viwango mahali fulani, milinganyo hii ingekosa jibu, na hiyo ingekuwa ishara kwamba foleni moja itajaa polepole hadi ifurike, hata kama jaribio la saa nzima halikuonyesha kitu.

Hesabu yako ya mzigo wa prosesa ni sahihi, lakini haijibu swali ulilo nalo. Katika duru moja Mkokotoaji na Mwamuzi hutumia 64 mara 2.1, yaani milisekunde 134.4. Mwandishi je? Hukutaja muda wake, na nadhani ni kwa sababu mezani ulimwona akimaliza upesi. Kadi za SDHC zinaruhusiwa na kiwango chao kukaa hadi milisekunde 250 zikiwa na shughuli baada ya kuandikiwa, na kadi iliyotumika kwa muda hufika huko inapolazimika kupanga upya kumbukumbu zake za ndani. Ukijumlisha, unapata milisekunde 384.4 kati ya 1280, ambayo kweli haifiki theluthi. Tatizo ni kwamba zile 250 huja kwa mkupuo mmoja.

Sasa weka bafa ndani ya modeli. Kila bafa huandikwa kama mshale wa kurudi nyuma unaobeba tokeni za nafasi tupu. Bafa yako ya sampuli ni mshale wenye tokeni 128 mwanzoni. Tufuatilie hali mbaya kabisa. Dirisha limetimia, Mkokotoaji na Mwamuzi wametumia milisekunde 2.1, rekodi ya 64 imepatikana, Mwandishi akaanza. Sampuli zinaendelea kumiminika. Mwandishi akimaliza baada ya milisekunde 250, Mkokotoaji anaanza tena, na nafasi 64 zinaachiliwa tu anapomaliza milisekunde 2 baadaye. Tangu dirisha lile lilipotimia hadi hapo zimepita milisekunde 254.1, na kwa kasi ya 3200 kwa sekunde zimeingia sampuli 813 na kitu. Bafa yako inabeba 128, yaani milisekunde 40. Ukitoa kazi nyingine, kadi ikishikilia zaidi ya takriban milisekunde 36, unapoteza sampuli. Hiyo ndiyo sababu mezani kulikuwa shwari: kadi yako ilikuwa mpya.

Ukiongeza bafa hadi nafasi 832, yaani madirisha 13, hakuna sampuli itakayopotea. Kila nafasi ina baiti 6 kwa fezi tatu, hivyo ni baiti 4992, na RAM yako inatosha.

Lakini usisimame hapo, kwa sababu bafa kubwa huponya upotevu na kuficha ucheleweshaji. Piga hesabu ya sharti la milisekunde 200. Hitilafu ikianza mara tu baada ya dirisha kuanza, dirisha hilo linaweza lisionyeshe kitu, kwa hiyo milisekunde 20 zimekwenda. Madirisha matatu mabaya ni 60 nyingine. Ukokotoaji na uamuzi 2.1, kontakta 30. Jumla ni 112.1, na bado uko salama. Sasa mwingize Mwandishi. Akianza baada ya dirisha la pili baya kushughulikiwa, yaani kwenye milisekunde 62.1, atashikilia prosesa hadi 312.1, na dirisha la tatu, lililotimia kwenye 80, linasubiri muda huo wote. Kontakta itafunguka kwenye milisekunde 344.2. Na hapa nimechukulia kwamba katika kitanzi chako Mwamuzi hutangulia Mwandishi. Ukiwa umewapanga kinyume, dirisha la tatu likawa ndilo linalojaza rekodi ya 64, utafika 362.1. Kubadilisha mistari miwili ya programu kunakuokolea karibu milisekunde 18, ingawa hazikusaidii kutimiza sharti.

Kwa hiyo bafa kubwa peke yake itakupa kihesabu kinachosoma sifuri na mfumo ambao bado unavunja mkataba. Hapo ndipo ninapoona thamani ya modeli: inakulazimisha kutenganisha maswali mawili ambayo kipimo cha mezani huyachanganya.

Fundi Mota (Nakuru) amejibu:

Mwalimu ameeleza vizuri na sina ugomvi na hesabu zake. Mimi hushughulika na mota za pampu katika mashamba ya maua na visima huku kwetu, na ninaomba kuuliza upande mwingine: hizo milisekunde 200 zimetoka wapi?

Fezi ikikatika, mota huharibika kwa joto, na joto hilo hujengeka kwa sekunde nyingi. Ndiyo maana rilei za kawaida za kuzuia mzigo kupita kiasi hufanya kazi polepole na watu hawalalamiki. Pampu isiyo na maji hupasha sili yake, na hiyo pia si habari ya kufumba na kufumbua. Waya zikigusana, hilo si la programu hata kidogo. Ni kazi ya fyuzi na swichi za kujikata zenyewe, na asikudanganye mtu kwamba maikrokontrola itachukua nafasi yao. Kama sharti lingekuwa sekunde 2, kitanzi chako kimoja kikiwa na bafa ya 832 kingetosha, ungeuza kifaa chako wiki hii na usingehitaji kugusa kitu kingine.

Jambo la pili ni uwashaji. Mota inayowashwa moja kwa moja kwenye laini huvuta mkondo unaoweza kufika mara tano hadi nane ya ule wa kawaida hadi ishike mwendo. Kwa sheria yako ya madirisha matatu mfululizo, kidhibiti kitaizima pampu kila inapowashwa, isipokuwa umeweka muda wa kupuuza mwanzoni. Na ukishauweka, ndani ya muda huo sharti la milisekunde 200 halina maana tena. Sijaona modeli ya Mwalimu ikisema lolote kuhusu hilo.

Pampu_Nyando amejibu:

Ninawashukuru nyote wawili. Mwalimu, nimebadilisha kadi mpya na ile kuukuu na kihesabu kimefanya kama ulivyosema: kadi kuukuu ndiyo inayopoteza.

Fundi, muda wa kupuuza uwashaji nilikuwa nao ila sikuutaja. Kuhusu 200, mnunuzi ameuandika kwenye mkataba na hataki kuurekebisha. Sababu aliyoitoa ni gugumaji: pampu nyingine zake ziko karibu na ziwa, mizizi ikinaswa pangaboi hukwama ghafla, na kiungo cha shafti kinakatika kabla mota haijapata joto. Sina namna ya kulipinga hilo, kwa hiyo nachukulia 200 kama ilivyo.

Ninafikiria kuhamia FreeRTOS (mfumo mdogo wa kugawia kazi prosesa), Mkokotoaji na Mwamuzi wawe kazi yenye kipaumbele cha juu, na Mwandishi awe chini akatizwe wakati wowote. Je, modeli bado itasimama? Na kuna kitu sikukieleza: modemu ya kutuma ujumbe mfupi kwa mwenye shamba, ambayo hufanya kazi hitilafu inapotokea tu.

Mhandisi Dunga (Kisumu) amejibu:

Mimi huandika programu za vifaa vya vyumba baridi vya samaki, na swali lako la kipaumbele ndilo linalowaangusha wengi, kwa hiyo naomba nilijibu kwa urefu kidogo.

Nguvu ya grafu aliyoichora Mwalimu inatokana na sifa moja: kitendaji kikimaliza mapema kuliko ulivyokadiria, hakuna tokeni yoyote mahali popote itakayochelewa kwa sababu hiyo. Ndiyo maana unaruhusiwa kuandika muda mrefu kabisa wa kila kazi, ukakokotoa mara moja, na ukaamini kwamba siku za kawaida mambo yatakuwa mazuri zaidi au yaleyale. Sifa hii haiji bure. Ronald Graham alionyesha mwaka 1969 kwamba kazi zinazogawana prosesa kadhaa kwa kufuata orodha zinaweza kumalizika zikiwa zimechelewa zaidi pale kila kazi inapofupishwa. Ugawaji wa prosesa unaochagua nani afuate kwa kuangalia nani yuko tayari sasa hivi unaweza kuharibu sifa hiyo. Ukiwa na mpangilio usiobadilika, kama kitanzi chako cha kwanza, au kila kitendaji kikiwa na mgao wake wa muda uliohakikishwa, sifa inabaki.

Katika mpango wako mpya, fanya kazi kwa hatua mbili. Kwanza tafuta muda wa mwitikio wa kila kazi, yaani tangu iwe tayari hadi imalize, ukijumlisha kila kinachoweza kuikatiza. Pili, andika muda huo wa mwitikio ndani ya grafu badala ya muda wake mtupu. Kazi ya kipaumbele cha juu inakatizwa na interapti (miito ya ghafla ya vifaa kwa prosesa) peke yake, hivyo inabaki karibu na milisekunde 2.1. Mwandishi anakatizwa milisekunde 2.1 katika kila 20. Ukimpa 300 badala ya 250 unakuwa umemkadiria kwa usalama. Katika milisekunde 300 huingia rekodi 15, na kwa kuwa zile 64 anazozila huachiliwa anapomaliza, bafa ya rekodi inahitaji nafasi 79. Weka 128, yaani baiti 1024, ili upokezane vizuizi viwili bila kugawanya rekodi. Ukiweka pungufu ya 64, Mwandishi hataanza kamwe. Katika grafu huo ni mkwamo unaoonekana kwa macho, na katika kifaa ni kadi tupu na saa za kutafuta kosa katika maktaba ya SD ambayo haina kosa.

Ucheleweshaji unarudi kwenye 112.1 ya Mwalimu pamoja na interapti, hivyo chini ya 200 unabaki na nafasi nzuri. Na tazama jambo hili: bafa yako ya zamani ya sampuli 128 sasa inatosha, kwa sababu Mkokotoaji hasubiri tena. Katika zile baiti 4992, 4224 zitabaki ufanyie kitu kingine.

Lakini uangalie maktaba ya kadi kabla ya kufurahi. Kama inazima interapti inapongoja kadi, au ikishika kufuli ambalo Mkokotoaji pia analihitaji ili kuweka rekodi kwenye foleni, kipaumbele ulichokipanga ni cha karatasini, na zile 250 zimerudi kwa mlango wa nyuma. Soma programu ya maktaba mstari kwa mstari kwenye kitanzi kinachosubiri kadi imalize shughuli. Ukiona prosesa inazunguka pale ikiuliza kadi bila kukatazwa kukatizwa, hakuna shida; Mkokotoaji atampokonya prosesa.

Kuna tofauti nyingine ambayo vitabu huipita haraka. Mshale wa kurudi nyuma unasema bafa ikijaa mtoaji angoje. Msomaji wako hawezi kungoja; umeme wa hezi 50 haukusubiri. Kwa hiyo ukikokotoa, usiulize tu kama grafu inafikia kasi ya duru moja kwa sekunde 1.28, uliza kama Msomaji anaweza kufyatuka kila mikrosekunde 312.5 bila hata mara moja kukosa tokeni ya nafasi. Yapo mabafa yanayotosha swali la kwanza na kushindwa la pili. Chombo kama SDF3 cha Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Eindhoven hutafuta ukubwa wa bafa unaotosha kasi fulani, na ni kizuri, lakini mfumo wenye vitendaji vinne unakokotolewa kwa kalamu, nami nakushauri uukokotoe kwa kalamu kwanza.

Modemu iache nje ya grafu. Haina kiwango kisichobadilika, na ukilazimisha utaiharibu modeli nzima. Joseph Buck alipozipa grafu hizi matawi ya ndiyo na hapana mwaka 1993, zikapata uwezo wa mashine ya Turing, yaani wa kompyuta yoyote, na kuanzia hapo hakuna njia ya jumla ya kujua kama bafa zitabaki na kikomo. Wenzetu wa Eindhoven walitoka na njia ya kati mwaka 2006, ya kugawa mwenendo wa mfumo katika hali chache zinazojulikana, kila hali ikiwa na viwango vyake; ingekufaa kama modemu ingekuwa ndani ya njia ya usalama. Haimo. Mpe Mwamuzi kisanduku kimoja cha kumbukumbu anachoandika juu ya kilichokuwemo bila kusubiri mtu, na kazi ya modemu, yenye kipaumbele cha chini kuliko zote, ikisome ikipata nafasi. Kisanduku cha namna hiyo si foleni ya Kahn, na jumbe mbili zikifuatana upesi mmoja unaweza kupotea. Amua kama mwenye shamba ataumia kwa hilo. Usalama wa mota hautegemei kisanduku hicho. Ila upande wa umeme, modemu za GSM huvuta mkondo wa ghafla unaoweza kufika ampea 2, kwa hiyo usiilishe kutoka kwenye njia ileile ya volti 3.3 inayotumika kama kipimo cha kusomea sampuli.

Fundi Mota amejibu:

Gugumaji nimelikubali. Huku kwetu hatuna, ndiyo maana sikulifikiria. Swali la uwashaji bado halijajibiwa.

Mwalimu wa Saketi amejibu:

Fundi ana haki, na jibu ni kwamba grafu niliyochora haijui tokeni inamaanisha nini. Inajua ni ngapi na zinafika lini. Ikiwa Mwamuzi ameandikwa vibaya na anaizima pampu kila inapowashwa, grafu itakuthibitishia kwamba anaizima kwa wakati.

Kwa maana ya tokeni kuna tawi jingine la mtiririko wa data, lile la lugha ya Lustre iliyozaliwa Grenoble, Ufaransa, katika miaka ya 1980, ambayo ndiyo msingi wa chombo cha SCADE kinachotumika katika programu za kuendesha ndege za Airbus. Humo kila jina ni mfululizo wa thamani, na Mwamuzi anakuwa milinganyo michache: idadi ya madirisha mabaya mfululizo ni sifuri kama dirisha hili ni zuri, vinginevyo ni idadi iliyotangulia kujumlisha moja, na amri ya kufungua ni kweli idadi ikifika tatu na muda wa kuwasha ukiwa umepita. Pembeni yake unaandika mtazamaji, ambaye naye ni milinganyo, anayetoa kweli mradi masharti yanatimizwa. Masharti ya Fundi yanaandikika hivi: ndani ya muda wa kuwasha amri ya kufungua isitolewe kwa mkondo mkubwa peke yake, na nje ya muda huo, madirisha matatu mabaya yasipite bila amri. Kikaguzi kama Kind 2 cha Chuo Kikuu cha Iowa hujaribu kuthibitisha kwamba mtazamaji hawezi kutoa uongo kamwe, na kikishindwa mara nyingi hukupa mfululizo halisi wa thamani unaomfanya aseme uongo. Kwa Mwamuzi mdogo kama huyu kazi hiyo huisha upesi.

Ningeongeza sharti la tatu: muda wa kupuuza usianze upya mota ikiwa tayari inazunguka. Umeme wetu hukatika na kurudi, na kidhibiti kinachojiwasha upya wakati pampu bado ina mwendo kitajipa muda wa kupuuza ambao hakiustahili, huenda gugumaji likiwa tayari limenaswa.

Pampu_Nyando amejibu:

Nitaanza na foleni ya rekodi na mpangilio wa vipaumbele, kisha milinganyo ya Mwamuzi. Swali moja la mwisho: nikishafunga kifaa shambani, nitajuaje kwamba modeli niliyoichora ndiyo mfumo nilioujenga?

Mhandisi Dunga amejibu:

Weka ndani ya programu vihesabu viwili vinavyokumbuka kiwango cha juu kabisa ambacho kila bafa imewahi kujaa, na uviandike kwenye kadi pamoja na rekodi. Modeli ya mpango mpya inasema bafa ya sampuli haitazidi 71, yaani 64 za dirisha pamoja na zile zinazoingia katika milisekunde 2 za ukokotoaji, na bafa ya rekodi haitazidi 79. Usisubiri sampuli zipotee. Siku kihesabu cha kwanza kikisoma 90, hakuna kilichopotea bado, lakini mojawapo ya namba ulizoingiza kwenye grafu si ya kweli. Anza kwa kuangalia nani anazima interapti, na kwa muda gani.